Polishi ya gari Mbeya: nimewapata wanaoanza na dawa laini kwanza

Wanambeya wenzangu, na nyie wa Iringa, Makambako na Njombe mnaouliza kila mara mtu apeleke wapi gari likapigwe polishi lirudi na rangi yake salama, mi nimepata sehemu, na naandika kwa kirefu maana hili jambo watu wengi wanalichukulia juu juu sana. Gari langu ni Harrier nyeusi, ya zamani kidogo. Mwenye gari jeusi ananielewa hapa, likitoka kuoshwa ukilitazama toka ng'ambo ya barabara unasema hili limeshuka melini jana, ukilisogelea jua la saa sita likiwa limepiga boneti unaona vimikwaruzo vyembamba vinazunguka zunguka kila mahali mpaka weusi wenyewe umegeuka kijivu. Hawa jamaa wamevitoa karibu vyote. Ila kilichofanya niwape nyota nne na nusu ni namna walivyochagua dawa ya kutumia, walianza na ile laini kabisa, wakajaribu sehemu ndogo, wakaangalia, ndo wakapanda kidogo, na walipoona inatosha wakaacha. Hiyo tabia huku kwetu ni adimu jamani, tuseme ukweli.

Kwa kuwaelekeza: ukitoka Mwanjelwa unaenda Uyole, ukishapita Sae endelea kidogo, mkono wa kushoto kuna banda la bati limeingia ndani ya barabara, halina bango la maana lakini uliza tu wapiga polishi, hata bodaboda wa pale watakuonyesha. Sakafu ni ya zege na kabla ya kuanza kazi wanaimwagia maji vumbi lisipande, taa ndefu nyeupe ziko juu na pembeni. Vijana wako wachache na fundi mkuu ni kijana mtaratibu, anakusikiliza mpaka umalize ndo anaongea.

Sasa kwanini nakazania hili suala la dawa. Huku ukisema unataka polishi sehemu nyingi kinachofuata ni kile kile, mashine ya kuzunguka yenye nguvu, pedi ya manyoya, na kompaundi nzito ile ya kutolea alama za msasa, gari lolote lile, iwe Vitz, iwe Benz, iwe limepakwa rangi upya wiki iliyopita, dawa ni moja. Ndani ya saa moja gari linawaka, unalipa, unashukuru, unaondoka. Ukishaliosha mara kadhaa yale mafuta ya polishi yaliyokuwa yamejaa kwenye mikwaruzo yanatoka, alafu jua likipiga unaona mawimbi, vile vivuli vinavyotembea ukiwa unazunguka gari, vinafuata njia ile ile ambayo fundi alipitisha mkono. Mdogo wangu yuko Iringa, Premio yake ya bluu iliyokolea ilipitishwa hayo sehemu moja ambayo sitaitaja jina, na kwenye ukingo wa fenda ya mbele waliitoboa rangi mpaka ikatokea ya chini, kisa pedi imekaa pale kwenye kona sekunde nyingi. Ile kona ndogo ilimlazimu apake fenda nzima, na hadi leo ukiangalia vizuri rangi ya fenda na ya mlango haziongei lugha moja.

Ukingoni ndo sehemu ya kuogopa kuliko zote, rangi pale inakuwa nyembamba toka kiwandani na mashine inapaelemea zaidi, na plastiki za bampa nazo zinapata joto haraka kwasababu hazisambazi joto vizuri kama bati. Fundi anayejua anaweka maskingi tepu kwenye mikunjo na kingo zote kabla hajawasha kitu.

Niwaambie na hili la klia kwasababu ukilielewa hili mengine yote yanajieleza. Gari likitoka kiwandani kwa kawaida lina tabaka, chini kuna kinga ya kutu, juu yake praima, juu yake rangi yenyewe, alafu klia, lile tabaka la juu linalopitisha mwanga kama kioo, inafunika. Vyote kwa pamoja kwenye gari nyingi za Kijapani vinacheza kwenye maikroni 100 mpaka 150 hivi, na klia peke yake ni kama 35 mpaka 50. Maikroni ni milimita moja umeigawa mara elfu moja. Unywele wa mtu una unene wa maikroni kama 70, so klia yote inayolinda gari lako kwa maisha yake yote ni nyembamba kuliko unywele wako mmoja. Na polishi kazi yake ni kula hiyo klia, hamna njia nyingine, mkwaruzo ni kibonde, na ili kibonde kipotee inabidi klia ya pembeni ishushwe mpaka ilingane na chini yake. Kompaundi nzito ukiiweka kwenye pedi kali inaweza kuondoka na maikroni kadhaa kwenye kazi moja, ile polishi laini ya kumalizia inagusa sehemu ndogo sana ya hapo.

Klia haioti tena. Na ndani yake watengenezaji wameweka kinga ya mionzi ya jua, ukiila sana rangi ya chini inabaki haina mtetezi. Sisi tuko juu huku, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 toka usawa wa bahari na Iringa ni zaidi ya 1,500, baridi inatusahaulisha lakini jua la huku ni kali, hebu angalia mapaa ya magari yanayolala nje pale Kabwe au Ipogolo yalivyobanduka mabaka mabaka. Likishafika hapo hamna polishi ya kuliokoa, hapo ni rangi mpya tu.

Turudi kwa hawa jamaa. Ukifika hawakimbilii mashine. Kwanza wanaosha vizuri, alafu wanapitisha ule udongo maalum wa kuvutia uchafu ulioganda kwenye rangi, lami, chembe za chuma za breki, utomvu wa miti, ukipitisha mkono baada ya hapo bodi inateleza kabisa. Hii hatua wengi wanairuka, na ukiiruka ule uchafu wote unaingia kwenye sponji na wewe mwenyewe unakuwa unachora gari kwa mashine.

Kisha fundi akafungua boneti akasoma kibati. Hiki kila mwenye Toyota akijue, kuna kibati kwenye chumba cha injini au stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tafuta palipoandikwa C/TR, zile namba au herufi tatu za mwanzo ndo kodi ya rangi. La kwangu ni 202. Akaniambia, "Dada yangu hii nyeusi ya 202 ni laini mno, hata ukiifuta vumbi na tambara kavu inachoreka, so hatuendi nayo kwa nguvu." Na ni kweli, hiyo 202 mafundi polishi wanaijua kwa ulaini, inachoreka upesi, na uzuri wake inasafishika upesi pia ukitumia dawa inayolingana nayo. Hapo ndo nilipoanza kumwamini, maana alianza na rangi iliyo mbele yake, hakuanza na chupa iliyoko kwenye shelfu.

Akapita na kipimo cha unene. Boneti ikasoma 110 na kidogo, milango hivyo hivyo, paa vilevile, kufika fenda ya nyuma ya kulia ikaruka ikapita 300. Maana yake ilishapakwa upya, inaweza kuwa Japani kabla haijaletwa, inaweza kuwa hapa hapa. Akabandika kipande cha tepu pale kama alama. Kitu alichonieleza vizuri ni kwamba kile kipimo kinasoma jumla ya tabaka zote toka kwenye bati, hakikwambii klia ni ngapi, kwahiyo namba kubwa isikupe jeuri, 300 inaweza kuwa puti na rangi nyingi chini na klia nyembamba kabisa juu. Ile fenda akasema itapata majaribio yake peke yake, haitafuata gari.

Hapa kwenye majaribio ndo nataka niende taratibu, kwasababu hii ndo kazi yenyewe.

Alikata kiboksi kwa maskingi tepu katikati ya boneti, kama nusu mita kwa nusu mita. Mashine aliyotumia ni ile ya DA, inayozunguka huku inatikisika, hiyo haichomi rangi kirahisi kama ile ya kuzunguka tu. Akafunga sponji laini, akaweka polishi ya kumalizia, matone manne madogo saizi ya njegere, wala hakuimwaga. Akaisambaza kwa spidi ndogo, akapandisha spidi, akapita kushoto kulia, alafu juu chini akikatisha kwenye njia ile ile, mashine inatembea polepole mpaka unatamani umwambie fundi ongeza mwendo. Akafuta na kitambaa cha maikrofaiba. Akapuliza spirit iliyochanganywa na maji, akafuta tena. Hiyo spirit ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, inatoa mafuta ya polishi yaliyojificha kwenye mikwaruzo, kinachobaki kukionyesha macho yako ndo ukweli wa rangi. Akazima taa za juu, akawasha tochi, akaniita nisogee.

Weusi ulikuwa umerudi, umekolea kweli kweli, ndani ya kiboksi na nje ya kiboksi ilikuwa kama gari mbili tofauti. Ila mikwaruzo ilikuwepo bado, imepungua kama nusu.

Fundi mwenye haraka hapo angerukia kompaundi. Huyu hata dawa hakubadilisha. Alibadilisha sponji tu, akafunga ngumu kiasi, dawa ile ile, kiboksi kingine pembeni ya kile cha kwanza. Akapita vile vile, akafuta, spirit, tochi. Safari hii vimikwaruzo vya kuzunguka vilikuwa vimeondoka karibu vyote, imebaki mirefu michache iliyonyooka. Yaani dawa moja, sponji mbili, matokeo mawili, nimeyaona kwa macho yangu pale pale. Ndo maana mtu akikuuliza umetumia polishi gani ukamtajia jina la chupa peke yake hujamjibu, ukali wa kazi unatoka kwenye dawa, sponji, mashine, spidi, mkono unakandamiza kiasi gani na umepita mara ngapi, vyote kwa pamoja, na sponji ina sauti kubwa sana humo.

Nikamuuliza mbona na hii michache iliyobaki usiipige dawa kali kidogo tumalizane nayo. Akachukua kidole changu akanipitishia kucha juu ya mmoja wao, kucha ikakwama. Akasema, "Umesikia ilivyoshika? Huo umeenda chini. Niufuate mpaka nimalize klia ya boneti kwa ajili ya mikwaruzo mitatu? Huko mbele utarudi na mingine, nitapiga polishi kwenye nini?" Aliipunguza makali kwenye kingo zake, sasa hivi bila tochi huioni, na tukakubaliana ibaki hivyo.

Na kuna jambo lingine kuhusu rangi laini, ukiipiga dawa kali mikwaruzo ya zamani inatoka kweli, lakini dawa yenyewe inaacha ukungu wake, vichoro vidogo sana vya dawa, kwenye gari jeusi linaonekana kama limefunikwa na moshi. So bado itabidi urudi na ile laini kuusafisha ule ukungu. Umekula klia mara mbili kwa kazi ambayo ilikuwa ya mara moja.

Isije ikaonekana nasema dawa kali ni mbaya. Siku hiyo hiyo palikuwa na Mercedes C-Class ya mzee mmoja katoka nayo Tukuyu, ya rangi ya fedha, na yeye alifanyiwa kiboksi kile kile kwenye boneti. Polishi laini na sponji laini, hakuna kilichobadilika. Sponji ngumu, kidogo sana. Mwishowe ikabidi waweke kompaundi kwenye pedi ya maikrofaiba ndo mikwaruzo ikaanza kuachia, kisha wakarudi na ya kumalizia kuleta mng'ao. Mzee akawa na wasiwasi, "Mbona la binti mmelipaka laini, langu mnalipiga hiyo ya nguvu?" Fundi akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, la kwako klia yake ni ngumu, ile laini tungeshinda nayo mpaka jioni tunaipapasa tu." Na ni hivyo, Mercedes toka mwishoni mwa 2003 walianza kuweka klia yenye chembe ndogo sana za seramiki ndani yake ili ihimili mikwaruzo, na gari nyingi za Kijerumani kwa ujumla zinasumbua ukilinganisha na Toyota na Subaru. Ingekuwa wana dawa moja kwa wote, ama mimi ningeumia ama mzee angelipia hewa.

Ya tatu ilikuwa Probox nyeupe ya kijana anayepeleka parachichi, na hii naisimulia kwasababu nusu ya Mbeya inaendesha gari za rangi hiyo. Kodi 040. Sponji ilipogusa tu ikawa nyeupe tupu, kijana akaruka, anajua klia imekwisha. Fundi akamtuliza, hiyo 040 ya Toyota mara nyingi haina klia kabisa, ni rangi moja nzito toka juu mpaka chini, kwahiyo weupe unaouona kwenye sponji ni rangi yenyewe inatoka na ni kawaida. Ila maana yake pia unachokula ni rangi moja kwa moja, so wanakwenda na polishi laini na wanasafisha sponji kila baada ya muda mfupi kwasababu inajaa haraka, ikijaa inaacha kukata inaanza kusugua tu na joto linapanda. Mwenye nyeupe ya lulu, ile 070, hiyo ni habari nyingine, ina klia juu na rangi zake zimepangwa kwa tabaka, usije ukachanganya ukadhani nyeupe zote ni moja. Ukiona sponji imebadilika rangi kwenye gari ambalo unajua lina klia, hapo ndo simamisha mashine haraka.

Kwa wanaopenda majina ya dawa. Kwenye shelfu lao niliona Meguiar's na Menzerna, zote kwenye chupa zake halisi. Meguiar's ni ya Wamarekani, M105 ni kompaundi ya kukata sana na M205 ni ya kumalizia, hiyo 205 ndo iliyofanya kazi yote kwenye gari langu. Menzerna ni ya Wajerumani, na zenyewe namba inakusaidia, 400 ni kali, 2500 ni ya kati, 3800 ni ya kumalizia, yaani namba ikipanda ukali unashuka. Usibebe hiyo hesabu ukaipeleka kwa kampuni nyingine, haifanyi kazi hivyo, soma chupa imeandikwa ni ya kukata au ya kumalizia. Na tafadhali sana muwe makini na hizi dawa za kupimiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, mtu anakwambia hii ni polishi original nimeigawa tu, haina jina, haina maelezo, hujui ni ya kutoa alama za msasa wa 1500 ama ni ya kung'arisha. Kama huwezi kujua ukali wake basi huwezi kuchagua, unabahatisha juu ya klia ambayo hairudi.

Kwenye ile fenda iliyopakwa upya walifanya kiboksi chake kama walivyoahidi. Ilikuwa laini zaidi hata ya boneti, sponji ngumu iliacha ukungu, wakarudi kwenye sponji laini wakaishia hapo. Imebaki na mikwaruzo zaidi kidogo ya sehemu nyingine na waliniambia kabla, hawakuniacha nikagundue nyumbani.

Mapungufu yapo. Bei iko juu, mimi nimelipa laki moja na themanini, na sehemu za kawaida hapa mjini unaweza kulipa hata theluthi ya hapo. Gari linalala, ukienda asubuhi usitegemee kulichukua jioni, na sehemu ya kusubiria ni benchi moja tu nje ambapo malori ya Tunduma yanakupulizia vumbi. Nilikuta unga mweupe wa polishi umeganda kwenye mpira wa dirisha na pembeni ya nembo ya nyuma, ilinibidi niutoe mwenyewe kwa brashi ya meno, kwa bei ile hiyo haikutakiwa. Na risiti inabidi uiombe, uikazanie kidogo. Hiyo nusu nyota imeishia huko.

Ila kwenye ile bei ndo pale watu wanapopiga hesabu vibaya. Anayelipa kidogo kwa kompaundi nzito kila Krismasi na kila Pasaka anajiona anatunza gari, kumbe kila sikukuu anauza kipande cha klia. Hiki nilichofanyiwa mimi sitarajii kukirudia karibuni, nikiosha vizuri. Na kuosha vizuri ndo nusu ya vita huku kwetu, kiangazi vumbi la Chunya linakaa juu ya gari kama unga, masika matope mekundu, na kijana wa kuoshea anakuja na tambara moja alilofutia rimu anapanda nalo kwenye boneti. Vile vimikwaruzo vya kuzunguka vingi vinazaliwa pale. Mi sasa hivi nabeba glavu yangu ya kuoshea na maikrofaiba zangu, nawaambia wanimwagie maji mengi kwanza vumbi lote lishuke ndo waguse, na ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari moja ya kusuuzia. Sabuni ya unga naikataa. Mwanzo waliniona nina maringo, sasa wamezoea. Vumbi kavu sifuti kabisa, bora litembee chafu.

Nani aende kwao: mwenye gari lenye rangi ya kiwandani iliyofifia au iliyochoreka, hasa nyeusi, bluu iliyokolea na nyekundu, ataona tofauti kubwa sana. Aliyetoka kuagiza gari pia, maana unaweza kukuta limeshapigwa polishi ya haraka huko lilikotoka na mafuta yakitoka unashangaa mawimbi yanatokea toka wapi, hapo mwambie akupimie unene kabla ya chochote. Asiyepaswa kupoteza hela yake ni mwenye klia iliyoanza kubanduka na mwenye mikwaruzo mirefu ya miiba au ya funguo inayoonyesha rangi ya chini, huyo atafute fundi rangi moja kwa moja, na wao wenyewe watakwambia hivyo, nilisikia wakimrudisha mwenye Noah mmoja bila kuchukua hata mia yake.

Wanachukua gari chache kwa siku kwahiyo pitia kwanza uweke nafasi, na Desemba watu wakianza kurudi nyumbani toka Dar foleni inakuwa ndefu, nenda mapema. Ukifika waombe ukione kiboksi cha majaribio kwa macho yako, tena baada ya spirit, kabla hawajagusa gari zima. Hawakatai. Mafundi wengine wa Iringa na Njombe wanaofanya hivi kama wapo naomba mniandikie hapa chini, mdogo wangu bado anatafuta wa kumtolea yale mawimbi kwenye Premio na kuileta toka Iringa mpaka huku ni mbali.